Mtu wa Chini

Kwenye mnara wa watu kila mmoja ana jina la mahali pake. Kuna wa juu, ambaye ndiye anayepigwa picha. Kuna wa kati, ambao kazi yao ni kusimama na kusimamiwa kwa wakati mmoja. Halafu kuna wa chini. Mimi ni wa chini. Kwa miaka minne, jioni za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nimesimama kwenye uwanja wa vumbi hapa Ipagala, miguu nimeitanua, magoti nimeyakunja kidogo, wenzangu wakipanda mapaja na mabega yangu kama ngazi. Mnara wenyewe sijawahi kuuona. Ninachokiona ni visigino na mchanga.

Kikundi chetu kina watu 14. Tunafungua onyesho kwa ngoma ya muheme, tunaingiza sarakasi, tunafunga kwa mnara. Wanaotuona mara ya kwanza, hasa vijana wanaoshinda YouTube, husema tunafanana na wale washangiliaji wa Marekani wanaorushwa hewani na kudakwa pembeni mwa uwanja wa mpira. Hatubishi. Mwishoni mwa Novemba huwa kuna mashindano ya vikundi, na mwaka jana tulishika nafasi ya pili kwa sababu wa kati mmoja aliteleza. Mwaka huu tuliapa hatutelezi.

Oktoba nikapangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma, shahada ya ualimu wa hisabati. Chuo kiko kule Chimwaga, vilimani, si mbali na kwetu. Nilidhani ukaribu huo utanirahisishia kila kitu: mchana darasani, jioni uwanjani. Wiki ya kwanza sijamaliza hata usajili, mama akaniuliza huku anachambua mlenda, bila kunitazama.

"Sasa hiyo ngoma unaiacha lini?"

Hakuuliza kama naiacha. Aliuliza lini.

Swali hilo lilinikaa. Kaka yangu ana kazi na watoto wawili, na kila Jumapili anavaa jezi anakwenda kucheza mpira. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaacha lini. Mimi nimefika mwaka wa kwanza tu, na tayari kuna tarehe ambayo kila mtu anaifahamu isipokuwa mimi. Mama, mjomba, jirani wa duka la pembeni, hata kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyetuongoza siku ya kuonyeshwa chuo, wote walizungumza kana kwamba jambo hili liliamuliwa zamani, nami ninasubiriwa kutia saini.

Nikataka kujua liliamuliwa lini, na nani. Nilikuwa na kitambulisho kipya cha maktaba, na sababu nzuri ya kuyakimbia maswali ya kalkulasi. Nikaanza kusoma.

*

Nilianza mbali, kwa hao washangiliaji tunaofananishwa nao, nikakuta jambo ambalo sikulitegemea. Mchezo wao ulizaliwa chuo kikuu. Tarehe 2 Novemba 1898, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Minnesota ikiwa kwenye msimu mbaya, mwanafunzi aliyeitwa Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza kupaza sauti kwa pamoja. Vibwagizo vya aina hiyo vilikuwa vimeshazoeleka Princeton, lakini tarehe hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Franklin Roosevelt aliifanya Harvard. Dwight Eisenhower aliifanya chuo cha jeshi cha West Point, baada ya goti kumharibikia kwenye mpira. Wasichana waliruhusiwa kuingia huko Minnesota mwaka 1923.

Kufikia mwisho wa karne ushangiliaji ulikuwa umejitenga na mpira na kuwa na mashindano yake wenyewe, na Wamarekani wakabishana kama ni mchezo au ni burudani. Mwaka 2010, katika kesi iliyokihusu Chuo Kikuu cha Quinnipiac, jaji aliamua kwamba ushangiliaji wa mashindano ulikuwa haujafikia kiwango cha kuhesabiwa miongoni mwa michezo ya wanawake ya chuo. Miaka 11 baadaye, mwaka 2021, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho la dunia la mchezo huo.

Walibishana kuhusu jina lake, fedha zake na hadhi yake. Mahali pake hawakubishania. Kijana wa kule anayevuka lango la chuo anaweza kuuacha kwa sababu ya masomo, jeraha au uchovu, lakini hakuna anayemwambia kwamba lango lenyewe ndilo mwisho. Kwetu lango ndilo linalosema. Ilinibidi nirudi nyumbani.

*

Bibi yangu, mama yake mama, ni mtu wa Mvumi. Nilikwenda kumwona Jumapili moja nikiwa na swali langu. Nilimwamkia "mbukwenyi", akaitikia, akanipa karanga nimenye kwa sababu kwake hakuna anayekaa mikono mitupu. Nikamuuliza kama aliwahi kupiga muheme.

Akacheka. "Unafikiri hayo mabega yako umeyatoa wapi?"

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na anayeongoza huzungumza na wenzake kwa mapigo. Zamani ilifungamana na unyago; haikuwa ya kupigwa siku yoyote mtu akijisikia. Bibi alianza kuipiga akiwa binti, akiwa pembeni ya mama yake. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, akaingia darasa la ubatizo.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, wakiwa njiani kuelekea Buganda, na wengine wakabaki. Baadaye Mvumi na Kongwa zikawa vituo vyao vikubwa, zikawa na makanisa, shule na matibabu. Watu wengi wa huku, ukoo wetu ukiwemo, walijifunza kusoma kwa mikono yao, na deni hilo hatulikatai. Lakini kwao ngoma ilisimama upande mmoja na pombe na unyago, shule ikasimama upande wa pili. Uamsho ulipokuja kuvuma katika makanisa ya Ugogo, kuokoka kulionekana kwa yale mtu aliyoyaacha, na ngoma ilikuwa katika orodha.

"Nani aliwakataza?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyenifukuza ngomani. Niliona haya mwenyewe. Tulikuwa tunajua kusoma. Ukishajua kusoma, unajiona unatazamwa."

Ngoma ya mama yake ilibaki ndani ya tembe, ikatumika kuhifadhia mbegu za uwele mpaka panya walipotoboa ngozi. Bibi hakumfundisha mama. Mama hakuniambia chochote, kwa sababu hakuwa na cha kuniambia.

*

Haya aliyoisema bibi nilikuja kuikuta vitabuni, imevaa suti na tai.

Mwanahistoria Terence Ranger alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima kuhusu ngoma moja tu: beni. Jina limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na ilikuwa ya mashindano tangu mwanzo. Vikundi viwili vya mji mmoja vilishindana kwa mavazi, kwa nidhamu ya gwaride, kwa nyimbo za kejeli na kwa ukubwa wa karamu. Wanachama walikuwa na vyeo: mfalme, jenerali, gavana, daktari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, Marini na Arinoti, vikundi hasimu vilivyopata umaarufu mkubwa kuliko vyote, vilienea Tanganyika pamoja na askari, wapagazi na makarani. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na habari za miji zilisafiri juu yake.

Nilipokuwa nasoma nilijiuliza kwa nini karani, mtu wa kalamu, alipoteza jioni zake kufanya mazoezi ya kutembea mstari mmoja na mpagazi. Jibu liko katika kazi zilizofanyika nje ya uwanja. Wanachama walichangiana. Aliyeugua alitazamwa, aliyefiwa alizikiwa, mgeni aliyeshuka kwenye treni katika mji asioujua alikuta watu wa kumpokea kwa sababu tu alikuwa Marini mwenzao. Mashindano ya Jumamosi yaliwafanya wakutane. Kukutana kukawafanya wategemeane.

Halafu wasomi wakaanza kuondoka. Mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyesomea Kiungani, Zanzibar, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga. Mwaka 1929 Chama cha Waafrika kikaanzishwa Dar es Salaam. Kulikuwa na magazeti ya kusoma, mijadala, mpira wa miguu. Mpira ulivuka mto pamoja na wasomi. Ndiyo maana kaka yangu haulizwi. Beni ikaachwa ng'ambo. Katika miaka ya 1930 mtu mwenye elimu aliyeonekana kwenye gwaride la beni alionekana amepitwa na wakati, anacheza mchezo wa watu wasiojua kitu.

Sina ugomvi na Kayamba. Vyama vile ndivyo vilivyokuja kuzaa siasa zilizotupa uhuru. Lakini nilipofika hapo nikaona jibu la swali langu linaanza kujitokeza. "Unaiacha lini" ni swali la miaka mia moja. Kusoma na kuacha ngoma vilifungwa katika furushi moja, na kila kizazi kilipokea furushi bila kulifungua.

*

Mwaka 1955 furushi lilifunguka kidogo, na aliyelifungua hakuwa msomi.

Juni mwaka ule mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alikuja Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Wale wanaume walikuwa na katiba, kadi na hotuba. Wanawake hawakuwa nao. Wakamwendea Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini aliyekuwa na elimu ya shule ya msingi tu na sauti iliyojulikana mji mzima, kwa sababu alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma.

Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao miaka mingi baadaye, anaeleza jinsi Bibi Titi alivyoifanya kazi ile. Hakuanza kwa kuhubiri mtaa kwa mtaa. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine za wanawake wa Dar es Salaam. Vikundi hivyo vilikuwa na wenyeviti, wahasibu, wajumbe, michango, na uzoefu wa kuwakusanya wanawake kwa siku moja. Katika miezi michache alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000.

Nilisoma ukurasa ule nikiwa nimekaa sakafuni maktaba, nikaurudia. Wasomi waliiacha ngoma kwa sababu waliiona mchezo wa watu wasiojua kitu. Siku walipohitaji watu wanaoaminiana, wanaokuja wakiitwa na wanaojua kupanga kazi, watu hao walikuwa kwenye ngoma.

Sisemi kwamba kikundi chetu cha Ipagala kitaleta uhuru wa nchi yoyote. Nasema kwamba nafahamu wale wanawake walikuwa na nini. Ninapokaa chini ya mnara, kuna mtoto wa darasa la sita aliye juu ya kichwa changu, mita tatu kutoka ardhini, ambaye hatazami chini. Hatazami kwa sababu anajua mimi nipo. Sijui somo jingine lolote ambalo lingenifundisha kitu hicho kwa njia hiyo.

*

Baada ya uhuru ilionekana haya imepatiwa dawa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema wazi kwamba wakoloni waliwafanya watu wetu waone aibu kwa mambo yao, na kwamba waliosoma walijua dansi za Ulaya na Amerika kuliko ngoma za nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa msomi wa Makerere na Edinburgh, alijua anachokisema.

Ngoma ikapelekwa shuleni. Hapa Dodoma tuna sababu ya kujivuna katika hilo, kwa kuwa Mathias Mnyampala, mwana wa Ihumwa, aliyekuwa mwalimu na baadaye hakimu, ndiye aliyeivumisha ngonjera, ushairi wa majibizano ambao kila mtoto wa shule ya msingi nchini amewahi kuusimamia jukwaani mikono ikitetemeka. Halaiki zikaingia kwenye sherehe za kitaifa na mapokezi ya Mwenge. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yakawa na kwaya na ngoma pamoja na mpira na riadha.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza muheme: shuleni, kidato cha pili, kutoka kwa mwalimu wa Bukoba aliyejifunza yeye mwenyewe alipokuwa chuo cha ualimu. Ngoma ya bibi yangu ilizunguka nchi nzima ndipo ikanifikia, wakati bibi mwenyewe yuko Mvumi, mwendo wa daladala moja.

Nilipompigia mapigo tuliyoyafundishwa, kwa viganja juu ya ndoo, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mbona mnakimbia? Mnafukuzwa na nani?"

Tulikuwa tunafukuzwa na saa. Jukwaani tunapewa dakika 10, na waamuzi hutoa alama kwa sare, tabasamu, kwenda pamoja, kuingia na kutoka. Muheme wa bibi ulichukua usiku. Mashindano yaliihifadhi ngoma na kuibana kwa pamoja, kama mtu anayekuokoa majini kwa kukuvuta nywele. Shukrani ninayo, na maumivu ninayo.

Na dawa ile ilikuwa na kikomo. Shule ilikubali ngoma kama jambo la watoto: la kupokelea wageni, la kusubiria hotuba. Ukimaliza kidato cha sita unatakiwa uwe umekua. Ndiyo maana mama aliuliza lini. Alidhani nimeshapewa muda wa kutosha.

*

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na mojawapo ya majengo yake ya mwanzo ni ukumbi wa Chimwaga ambao CCM iliufanyia mikutano yake mikuu. Kinafundisha sanaa za maonyesho. Dar es Salaam walianza kuzifundisha tangu miaka ya 1960. Kwa maneno mengine, chuo kikuu chenyewe hakikuifunga milango kwa ngoma. Unaweza kuisomea, kuiandikia tasnifu, kuipatia daraja la kwanza.

Nimejifunza hilo zaidi kwa Kedmon Mapana, aliyekulia kijiji cha Nzali, huku huku Ugogoni, akawa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Katibu Mtendaji wa BASATA. Mwaka 2007 alichapisha makala ya kitaaluma kuhusu namna muheme unavyobadilika: unavyotoka kwenye unyago na kuingia makanisani, kwenye siasa na majukwaani. Kumbe kulikuwa na mtu aliyevuka lango na ngoma yake begani na hakuna aliyempokonya.

Hadithi ingekuwa nzuri kama ningeishia hapo. Ningemwambia mama: mwone Mapana, mwone Bibi Titi, siachi. Lakini mimi sisomei sanaa. Nasomea hisabati, na jaribio la kwanza la kalkulasi nilipata 7 kati ya 20. Nilikuwa nimelala saa nne usiku wa kuamkia siku ile, bega limevimba, nimetoka mazoezini kwa miguu kwa sababu nauli ilikwisha na boom lilikuwa halijaingia. Mwaka wa kwanza una maneno yake na yote nimeyajua haraka: kusapu, kubeba somo, kudisko. Nikidisko, mkopo unakatika. Mkopo ukikatika, mama, anayeuza mboga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ili wadogo zangu wale, hana pa kuutoa ule wa pili. Goti la kulia limeanza kulia ninapopanda ngazi za maktaba. Eisenhower aliharibikiwa goti kwenye mpira, akapumzikia kwenye kushangilia. Mimi sina pa kupumzikia; kushangilia kwangu ndiko kunakoharibu goti.

Historia iliniambia kwamba haya si sababu ya kuacha. Haikuniambia kwamba hakuna sababu.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Hatimaye nikarudi kwenye maneno ya bibi na kuyasikia upya. Nilikuwa nimeyasikiliza kama hadithi ya kuacha. Lakini watu huacha mambo kila siku. Mwili huchoka, watoto huzaliwa, kazi huja. Jambo lililoivunja ngoma ya ukoo wetu ni kwamba aliyeiacha aliona haya kiasi cha kushindwa kuikabidhi. Hakumwita mama akamwambia: mimi sipigi tena, lakini kaa hapa nikuonyeshe mkono unavyokwenda. Aliiweka ndani, akatia mbegu, akafunga mlango. Makarani wa beni nao waliondoka hivyo hivyo, wakawaacha wapagazi na gwaride lao. Kila mara ni kizazi kimoja kilichoona aibu, na viwili vilivyofuata vikalipia.

Kumbe maswali yalikuwa mawili. Lini, hilo la mama. Na la pili ambalo hakuna aliyeniuliza: nani anashika?

*

Jumanne iliyofuata niliwaambia wenzangu kwamba sitashindana Novemba. Kimya kilikuwa kirefu. Kocha wetu alitazama chini, akasema, "Umeshakuwa msomi, dada." Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliuma.

"Sijasema naondoka leo," nikamjibu. "Nimesema sitakuwa wa chini Novemba. Nipeni wiki tano nimweke mtu."

Tulimchagua msichana wa kidato cha tatu, mpana wa mabega, mwenye woga. Nilimfundisha nilivyofundishwa mimi: usikaze magoti, pumzi itoke mtu anapopanda, usitazame juu hata wakikuita. Nilimfundisha na yale niliyoyagundua mwenyewe, kwamba uzito hauko sawa kila siku, kwamba mtu wa kati akiwa amegombana nyumbani utamjua kwa unyayo. Jumamosi mbili tulimleta bibi kutoka Mvumi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, akakataa soda, akaomba ngoma. Wasichana walidhani anatania. Alipoiweka katikati ya mapaja yake, khanga imefungwa vizuri, akapiga mapigo manne ya polepole, kocha alizima simu yake.

Mama alikuwepo. Alikuwa ameniletea chakula, akabaki amesimama na bakuli. Miaka 50 ya umri wake hajawahi kumwona mama yake akipiga ngoma. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani gizani aliniambia, "Alhamisi usije kuchelewa kurudi, una jaribio." Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Yule mtoto mpya mwambie ale vizuri."

Jaribio la pili nilipata 13. Si kitu cha kutangaza, lakini si 7.

Siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano, upepo wa Dodoma ulikuwa umetulia. Walipanga mnara. Msichana wa kidato cha tatu alitanua miguu, akakunja magoti kidogo, akakaza macho mbele kwenye mchanga. Wa kati wakapanda. Yule mtoto wa darasa la sita akapanda wa mwisho, akasimama, akafungua mikono. Hakutazama chini.

Nilikuwa nimesimama kando ya kiti cha bibi, mita 15 hivi kutoka kwao. Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na kikundi kile niliuona mnara mzima, kuanzia juu mpaka chini.

Ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.